Kumwaga oili: injini ikiwa ya moto, vuguvugu au imepoa kabisa?

KijanaWaMikanjuni:

Wakuu habari za leo. Gari ni IST, injini 1NZ-FE, inatumia 5W-30, na kilomita za kubadilisha oili zimefika. Safari hii nataka kumwaga mwenyewe nyumbani. Sakafu ya saruji ipo, jeki ipo, stendi mbili zipo, spana zipo. Kilichonikwamisha ni joto la injini.

Gereji moja hapa Ngamiani wanasema mwaga gari likitoka tu barabarani, oili ikiwa ya moto kabisa, ndipo uchafu utoke wote. Mwingine anasema laza gari usiku kucha, umwage alfajiri kabla hujawasha, maana oili yote inakuwa imeshashuka kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya injini). Halafu kuna wale wa katikati: washa dakika tano, zima, mwaga. Nani yuko sahihi? Na kama jibu ni vuguvugu, vuguvugu ni nyuzi ngapi? Dashibodi haina mshale wa joto, ina taa ya buluu tu inayozimika gari likishapata moto.

La pembeni: galoni ya lita 4 naimimina yote?


Spana_14:

Mgosi, lenga oili iwe kati ya nyuzi joto 45 na 60. Chini ya hapo itatoka vilevile, ila utasubiri. Juu ya hapo unajitafutia malengelenge.

Sababu iko kwenye uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, unaopimwa kwa sentistoki: namba ikiwa kubwa, oili ni nzito. 5W-30 ya kawaida ikiwa na nyuzi 27, ambalo ndilo joto la asubuhi nyingi za Tanga, uzito wake ni kama sentistoki 110. Ikifika 60 unashuka hadi kama 30. Ikifika 90 unabaki kama 14. Sasa piga hesabu: nyuzi 33 za mwanzo zimepunguza sentistoki 80, nyuzi 30 zilizofuata zimepunguza 16 tu. Anayemwaga ikiwa 90 anaokoa dakika mbili tatu za kuchuruzika, basi. Maji tu ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na oili ni mbaya zaidi kwa sababu inang'ang'ania mkononi, haidondoki ikaisha kama maji.

Huu ushauri wa kuchemsha injini kwanza una maana kubwa nchi za baridi. Huko gari likilala nje kwenye nyuzi 0, oili hiyohiyo ina sentistoki zaidi ya 500, inatoka kama asali iliyoganda. Gari lililolala Sahare halijawahi kuiona hali hiyo, kwa hiyo anayekuambia "lazima iwe ya moto sana" anatibu ugonjwa ambao huku haupo.

Taa ya buluu isikudanganye. Inasoma maji ya kupozea injini, haisomi oili. Maji yanawahi kupata moto, oili inafuata nyuma kwa mbali kwa sababu nyingi yake imelala kwenye sampu ambako upepo unapita. Taa imezimika, maana yake unaweza kuondoka kwa raha. Termostati yenyewe ya 1NZ (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na hata hapo oili inaweza kuwa bado haijafika.

Kwa hiyo fanya hivi: gari likiwa limelala, lizungushe mtaani kilomita tatu au nne, zima, acha dakika 10 hadi 15. Zile dakika si za kupoza tu, ni za oili ya juu kwenye silinda hedi kushuka. Kama umetoka safari, tuseme Muheza au Pangani, oili iko 90 au zaidi. Fungua boneti, kaa nusu saa hadi dakika 45.

Kupima bila mshale: gusa sampu kwa mgongo wa kidole kwanza, halafu kiganja. Ukiweza kuacha kiganja pale ukahesabu hadi kumi bila kukimbia, mwaga. Ukitoa mkono kabla ya tatu, rudi ukakae. Wenye kile kipimajoto cha umbo la bastola waelekeze sehemu iliyopakwa rangi nyeusi au yenye ukungu wa oili, kwa sababu kwenye bati linalong'aa kinasoma chini ya joto halisi na utaamini sampu imepoa kumbe bado.

Galoni usimimine yote. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, lita 3.4 ukiacha filta ya zamani. Mimina 3.5, washa, zima, pima, halafu ongeza kidogokidogo.


LalaAlfajiri:

Naheshimu maelezo ya mkuu hapo juu lakini mimi bado ni wa alfajiri. Gari likilala kwa muda wa saa nane, hakuna oili kwenye hedi, hakuna kwenye cheni, hakuna kwenye pampu. Yote iko chini inakusubiri. Ukizungusha kilomita tatu unairudisha tena juu, halafu unaipa dakika 10 ishuke. Haitashuka yote. Na huku kwetu nyuzi 27 inatoka vizuri tu, fungua plagi ya sampu (ile boliti ya kumwagia oili), nenda kanywe chai, rudi baada ya dakika 20 imebaki tone moja moja. Hakuna kuungua, hakuna haraka. Na uchafu umeshatuama chini, unatoka wa kwanza.


Spana_14:

Nusu ya hayo nakubaliana nayo. Kwa mtu asiye na uzoefu, kumwaga ikiwa imepoa ni salama, na kwa 5W-30 na joto la pwani hakuna dhambi.

Tatizo ni hilo la kutuama. Oili za siku hizi zina sabuni ndani yake, kazi yake ni kuubeba uchafu ukiwa unaelea, usigande kwenye kuta. Masizi yenyewe ni madogo kuliko maikroni moja, hayashuki chini kwa usiku mmoja. Kinachoshuka ni maji na tope zito kama lipo. Ndiyo maana kuizungusha injini kabla ya kumwaga kuna faida: tope laini na maji vinachanganyika na oili, vinatoka pamoja, badala ya kubaki vimeganda kwenye pembe za sampu ambazo ziko chini kuliko tundu la plagi.

Na hiyo oili inayobaki juu tusiikuze sana. Injini ya 1NZ ikiwa kavu kabisa, imefunguliwa yote na kufungwa upya, inameza lita 4.1. Kwenye servisi ya kawaida na filta inaingia 3.7. Maana yake hata ukifuata kitabu neno kwa neno, lita 0.4 ya oili ya zamani inabaki kwenye njia za oili, kwenye pampu, kwenye vikombe vya kamshafti. Mwenye kumwaga ikiwa ya moto na mwenye kumwaga alfajiri wote wanaacha kiasi hicho, tofauti yao ni vijiko vya chai.


BintiChumbageni:

Samahanini kudandia. Hiyo lita 0.4 ndiyo sababu mafundi wengine wanasafisha injini kwa dizeli au mafuta ya taa kabla ya kutia oili mpya? Wanamwaga ya zamani, wanatia lita mbili za dizeli, wanawasha dakika mbili, wanamwaga. Inatoka nyeusi tii, mteja anafurahi.


MgosiDizeli:

Dada, hiyo ikataze kabisa. Umeshaambiwa lita 0.4 haitoki. Ukisafisha kwa dizeli, kinachobaki ndani si oili tena, ni dizeli. Ukitia 3.7 ya oili mpya juu yake, karibu asilimia 10 ya kilichomo kwenye injini ni dizeli. Oili ya 30 inageuka maji, shinikizo linashuka, na zile dakika mbili zenyewe beringi za krenkishafti zilikuwa zinazunguka kwenye kitu kisicho na nguvu ya kuzitenganisha. Weusi anaoufurahia mteja ni hiyohiyo oili ya zamani iliyochanganyika.

Ubaya mwingine: injini iliyokaa na tope miaka mingi, dizeli inabandua vipande. Vinashuka, vinakaa kwenye chujio la pampu. Taa ya oili inawaka njiani Segera, na gari "lilikuwa zima jana".

Kama kweli injini ina tope, tia oili mpya ya kawaida na filta, endesha kilomita 1,000, mwaga tena ikiwa vuguvugu, badilisha filta. Ghali kidogo, lakini salama.

Nirudi kwenye joto, kwa upande wa dizeli. Hiace na Hilux nyingi zinatumia 15W-40, na hiyo ikiwa na nyuzi 27 uzito wake ni kama sentistoki 215, mara mbili ya 5W-30 ya huyu kijana. Hapo hoja ya alfajiri inapungua nguvu, utakunywa chai vikombe vitatu. Dizeli mwaga kwenye 50 hadi 60. Kumbuka pia wingi: sampu ya lita 7 inatunza moto muda mrefu kuliko ya lita 3.7, kwa hiyo ile nusu saa ya Spana kwenye dizeli iongeze hadi saa nzima. Yenye tabo (turbo), ukitoka barabara kuu acha injini isage taratibu dakika moja mbili kabla ya kuzima, hata kama unaharakia kumwaga oili.


BintiChumbageni:

Asante sana mgosi. Na bodaboda je? Wengi wanamwagia pale pale kijiweni, injini inatoa moshi.


MgosiDizeli:

Pikipiki zinazopozwa kwa upepo zinapata moto haraka na kupoa haraka. Dakika tatu za kusaga, zima, dakika tano za kusubiri, tayari. Oili ni kama lita moja tu, hakuna cha kuhangaika. Ila bomba la eksozi liko sentimita chache kutoka plagi, na hilo ndilo linaloacha alama kwenye mikono ya watu, si oili.

Na msitie oili ya gari ndogo kwenye bodaboda. Klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Oili za magari za kuokoa mafuta zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza, kijana anavuta akseli, injini inalia, pikipiki haiendi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, uzito ule wa kitabu, mara nyingi 20W-50.


FundiWaDuga:

Naona joto mmelimaliza, lakini wanaoharibu sampu hawaiharibu kwa joto moja kwa moja, wanaiharibu kwa haraka inayoletwa na joto. Vidole vinaungua, plagi inaponyoka inaingia kwenye beseni, mtu anaitafuta kwa mkono ndani ya oili ya nyuzi 90. Akiipata anairudisha kwa spana badala ya vidole, inaingia kombo, meno yanakufa. Sampu ya aluminiamu ikila meno ndiyo mwanzo wa kupeleka kwa mchonga vyuma.

Kijana wa Mikanjuni, fuata hivi. Gari likiwa bado chini, legeza kifuniko cha kujazia oili juu ya injini ili hewa iingie. Ukiacha kimefungwa, oili inatoka kwa mikupuo na inarusha. Halafu jeki, stendi, tingisha gari kwa mkono kabla hujaingia chini. Usitegemee jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Angalia plagi inatazama wapi. Ukinyanyua mbele tu na tundu la plagi likawa upande wa mbele, oili inakimbilia nyuma ya sampu na robo lita inabaki. Ikiwa hivyo, mwaga nyingi gari likiwa juu, kisha lishushe likae sawa dakika tano umalizie.

Spana namba 14. Legeza kidogo, kisha malizia kwa vidole huku unaisukuma plagi kwa juu kana kwamba unaifunga. Ukihisi meno yameisha, ivute pembeni kwa mpigo mmoja, mkono usipite chini ya tundu. Oili itaruka mbali mwanzoni, kama sentimita 20 au 30 kutoka kwenye sampu, halafu kadiri inavyopungua inarudi nyuma kuelekea chini ya tundu. Beseni liweke mbele kidogo, ulivute baadaye. Kukiwa na upepo wa kusi uwanjani, kinga kwa boksi, uzi wa mwisho wa oili unapeperushwa hadi kwenye tairi.

Filta ifungue wakati sampu inachuruzika. Hapa ndipo watu wanasahau: chungulia mpira wa filta ya zamani, hakikisha umetoka nayo. Ukibaki umeganda kwenye blok na ukafunga mpya juu yake, mpira juu ya mpira, gari litawaka vizuri, halafu shinikizo likipanda mpira unatemwa na oili yote inakwisha barabarani kwa muda mfupi sana. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Bila spana.

Plagi: iwekee washa mpya (ile pete ya kuzibia), anza kwa vidole mizunguko mitatu minne, malizia kwa spana. Kiwango ni kama nyutoni mita 38. Huna toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza)? Kwa spana yenye urefu wa sentimita 20 ni sawa na kuvuta kama unanyanyua kilo 19. Watu wa gereji wanaokaza kwa bomba la kurefushia spana ndio wanaompa kazi fundi wa mwakani.

Ukishajaza, washa. Taa ya oili inatakiwa izime ndani ya sekunde chache, na usivute mafuta kabla haijazima. Acha isage dakika mbili, chungulia plagi na filta kama kuna jasho. Zima, gari likiwa sehemu tambarare subiri zaidi ya dakika tano, futa stiki ya kupimia oili, chomeka, pima. Iwe karibu na alama ya juu, isiipite. Ikipita sana krenkishafti inaipiga oili kama mwiko kwenye uji, inaota povu, na povu halilainishi kitu.


Spana_14:

Nyongeza kwenye hilo la joto: oili chafu iachie ipoe kwenye beseni kabla ya kuihamisha. Chupa ya maji ya kunywa ukiitia oili ya nyuzi 80 inanywea na kujikunja mkononi. Tumia galoni lilelile la oili mpya, plastiki yake ni ngumu. Na msimwage mtaroni jamani, mitaro ya mjini inaishia baharini. Maseremala na wenye mabanda ya miti wanaitafuta ya kupaka dhidi ya mchwa, japo kwenye nguzo za bustani ya mboga singeipaka.


KijanaWaMikanjuni:

Nimeelewa wakuu, shukrani sana. Jumamosi nikitoka soko la Mgandini nazima, nafungua boneti, nagusa sampu hadi kiganja kivumilie, ndipo naanza. Swali la mwisho: chini ya kifuniko cha kujazia kuna povu la rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi?


MgosiDizeli:

Angalia kwanza stiki. Oili ya kwenye stiki ikiwa safi au nyeusi ya kawaida, na maji ya rejeta hayapungui, hiyo ni mvuke tu. Gari la safari za Mikanjuni hadi mjini na kurudi, oili haifiki moto wa kukausha unyevu, na hewa ya Tanga unaijua. Futa povu, mara moja kwa wiki lipeleke Pongwe na kurudi bila kuzima njiani. Gari la namna hiyo usisubiri kilomita, badilisha oili kila miezi sita. Stiki nayo ikiwa ya maziwa, usiwashe tena gari, itafutie fundi.


FundiWaDuga:

Na ukitoa plagi Jumamosi, angalia kama washa ya zamani imetoka nayo. Mara nyingi inabaki imebandana na sampu, ina rangi ileile, huioni hadi upitishe ukucha.